Sura ya 4: Na Mama Akisikia?

Watu wanaotaka kuandika au kusimulia maisha yao wakija kuniomba ushauri, hawaanzi kwa kuuliza waanzie wapi wala kitabu kiwe na kurasa ngapi. Wanauliza: na mama akisikia? Ndugu zangu watasemaje? Mmoja ana baba aliyekunywa shamba lote likaisha. Mwingine alizaa akiwa shuleni, na mtoto yule sasa ni mtu mzima anayemwita dada. Kila mmoja ana hadithi nzito, na kila mmoja anajua kwamba hadithi hiyo si yake peke yake.

Swali lao ni la haki. Hebu fikiria ibada ya ushuhuda. Mwanamume anapewa kipaza sauti, anaeleza kwamba alikuwa mlevi, alikuwa akirudi usiku wa manane na kumpiga mkewe, mpaka Bwana alipomtoa huko. Watu wanaitikia, vigelegele vinapigwa. Mke wake yupo benchi la tatu, ameinamisha kichwa. Aliyepigwa ni yeye, na hakuna aliyemuuliza kama alitaka mtaa mzima ujue. Ushuhuda ni wa kweli, na huenda umemwokoa mlevi mwingine aliyekaa nyuma. Hata hivyo kuna mtu amevuliwa nguo hadharani bila kuombwa ruhusa.

Katika sura hii nitamfuata mtu mmoja aliyeifanya kazi hiyo ya kusimulia maisha yake hadharani kwa robo karne: Spalding Gray, Mmarekani, mwigizaji na msimulizi wa jukwaani. Nimemchagua kwa sababu alikwenda mbali kuliko wengi. Alisimulia kifo cha mama yake, ndoa yake, ugonjwa wake, usaliti wake. Palipo na haki katika kazi hii aliionyesha waziwazi, na palipo na dhuluma, nayo ilionekana.

Mtu na meza yake

Gray alizaliwa tarehe 5 Juni 1941 mjini Providence, katika jimbo la Rhode Island, kaskazini mashariki mwa Marekani. Alikulia katika mji mdogo jirani, Barrington, akiwa wa kati katika wavulana watatu. Alisomea uigizaji chuo cha Emerson mjini Boston, akamaliza mwaka 1965, na miaka miwili baadaye akahamia New York kutafuta maisha ya jukwaani.

Kilichompa jina ni monolojia, yaani mchezo wa jukwaani wenye msemaji mmoja tu. Mwigizaji wa monolojia anaweza kuvaa uhusika wa mfalme, mwendawazimu au mjane. Gray hakuvaa uhusika wa mtu mwingine. Msemaji alikuwa yeye, jina lilikuwa lake, na mambo aliyosema ndiyo yaliyompata.

Jukwaani palikuwa na meza, kiti, glasi ya maji, kipaza sauti na daftari. Mara nyingine ramani ilitundikwa nyuma yake. Aliingia, mara nyingi na shati la drafti, akaketi, akanywa maji, akaanza kusema. Hapakuwa na ngoma wala mavazi ya kubadilisha, na mara chache sana aliinuka kitini. Aliwachekesha watu mpaka wakashika mbavu, kisha katikati ya kicheko akaleta habari ya kifo, kwa sauti ileile.

Nyumba ya Rumstick Road

Mama yake alikuwa muumini wa Christian Science, dhehebu lililoanzishwa Marekani katika karne ya 19 na Mary Baker Eddy, ambalo waumini wake hutegemea maombi kuponya maradhi badala ya daktari. Mama huyu aliugua akili zaidi ya mara moja. Mwaka 1967, akiwa na umri wa miaka 52, alijiua. Gray alikuwa safarini Mexico wakati huo, na habari alizipata aliporudi.

Kifo cha namna hiyo kila familia huwa na njia ya kukizungumzia, na njia iliyozoeleka ni kutokukizungumzia. Wasifu wa marehemu ukisomwa msibani hutaja alikozaliwa, shule alizosoma, watoto aliowaacha, kisha husemwa aliugua kwa muda mfupi. Waombolezaji wanaojua hutazama chini, na wasiojua wanaondoka bila kujua. Gray alikataa wasifu wa namna hiyo.

Kufikia miaka ya 1970 alikuwa katika The Performance Group, kundi la tamthilia za majaribio lililoongozwa na Richard Schechner, lenye ukumbi mdogo uitwao Performing Garage katika mtaa wa Wooster, New York. Tamthilia ya majaribio ni ile inayojaribu njia mpya za kuonyesha: pengine haina kisa kinachofuatana, au wachezaji wanajenga mchezo wenyewe bila mwandishi. Ndani ya kundi hilo, Gray na mwongozaji Elizabeth LeCompte walitengeneza michezo mitatu kutokana na maisha yake, na kwa pamoja ikaitwa *Three Places in Rhode Island*: *Sakonnet Point* mwaka 1975, *Rumstick Road* mwaka 1977 na *Nayatt School* mwaka 1978. Watu wa kazi hiyo ndio waliokuja kujulikana kama The Wooster Group, moja ya makundi yaliyoheshimika kuliko yote katika tamthilia za majaribio duniani.

*Rumstick Road* ni jina la barabara ya Barrington ambako familia iliishi. Katika mchezo huo Gray alileta sauti halisi za watu wa nyumbani kwake. Alikwenda na kinasa sauti kwa baba yake na kwa bibi zake, akawauliza kuhusu mama, na sauti hizo zikasikika ukumbini. Aliweka pia mazungumzo ya simu na daktari wa akili aliyemtibu mama yake. Daktari hakujua kwamba alikuwa anarekodiwa.

Mhakiki wa gazeti la *Village Voice* aliukemea mchezo kwa jambo hilo. Namuunga mkono. Maumivu ya mtoto aliyempoteza mama ni ya mtoto, na ana haki ya kuyalia jukwaani, sokoni au popote atakapopata masikio. Maneno ya daktari yaliyosemwa kwa imani kwamba yatabaki kwenye simu hayakuwa yake kuyagawa. Mwanamke aliyezungumziwa alikuwa ameshazikwa na hakuweza kukubali wala kukataa.

Na bado, nikiupima mchezo wote, naona kitu ambacho ushuhuda wa kanisani hauna. Gray hakusimama peke yake kuieleza familia. Aliwapa wengine nafasi ya kusema kwa sauti zao, na sauti hizo hazikukubaliana naye wala hazikukubaliana zenyewe kwa zenyewe. Baba alikuwa na maelezo yake, bibi alikuwa na yake, daktari yake. Mtazamaji alitoka akijua kwamba hakuna hata mmoja wao aliyeshika ukweli wote, akiwemo Gray.

*Kwa ufupi:* jeraha ni mali ya aliyejeruhiwa, naye ana ruhusa ya kulieleza. Sauti na siri za mwingine zinahitaji ruhusa ya mwingine. Na pale wengine wanapopewa nafasi ya kumpinga msimulizi, hadithi inazidi kuaminika.

Hadithi iliyopikwa mdomoni

Monolojia yake ya kwanza, *Sex and Death to the Age 14*, ilitoka mwaka 1979. Ilihusu utoto wake: wanyama wa kufugwa waliokufa, woga, udadisi wa mwili. Kuanzia hapo alitoa nyingine kwa mfululizo, na namna alivyozitengeneza ndiyo ninayopenda kuwaelekeza wanaoanza, hasa wale wanaokaa mbele ya karatasi tupu wiki nzima.

Utaratibu wake ulikuwa hivi:

- Hakuandika kwanza. Daftari la mezani lilikuwa na maneno machache ya kumkumbusha mpangilio.
- Alisimulia mbele ya watu, na kila onyesho alilirekodi kwenye kaseti.
- Alirudi kuisikiliza kaseti: hapa walicheka, hapa walikohoa, hapa amejikanyaga.
- Kesho yake alisimulia tena, akiwa amekata na kuongeza.
- Kitabu kilikuja mwisho kabisa, baada ya hadithi kukomaa kwa kusemwa mara nyingi.

Nyakati nyingine aliweka vikwazo ili kumbukumbu isimletee kila siku mambo yaleyale. Katika *India and After (America)*, kuhusu safari yake ya India na jinsi alivyovurugikiwa na akili baada ya kurudi, mtu mwingine alimtajia neno lolote kutoka kwenye kamusi pamoja na muda aliopewa, naye alilazimika kutafuta kipande cha hadithi kilichoingiliana na neno hilo. Katika *A Personal History of the American Theater* alikuwa na pakiti ya kadi zenye majina ya michezo aliyowahi kucheza. Alichomoa moja na kusimulia kilichotokea.

Msomaji makini atauliza: hadithi iliyosemwa mara mia, ikakatwa na kuongezwa kufuata vicheko, bado ni kweli? Nadhani tunapaswa kumwogopa zaidi anayedai anakumbuka kila neno lililosemwa jikoni mwaka 1952. Gray hakuficha kwamba anachosema ni kumbukumbu, na kumbukumbu hujipanga upya kila inapotolewa. Alichodai ni kwamba mambo yale yalimpata na kwamba yalimwacha hivi unavyomwona.

Sehemu ndogo, filamu kubwa

Mwaka 1983 Gray alipata nafasi ndogo katika *The Killing Fields*, filamu ya Roland Joffé iliyopigwa Thailand na kutoka mwaka 1984. Filamu inahusu Kambodia chini ya Khmer Rouge, kundi la Kikomunisti lililoingia mji mkuu Phnom Penh tarehe 17 Aprili 1975 na kutawala hadi Januari 1979. Katika muda huo mfupi walikufa watu kati ya milioni moja na nusu na milioni mbili, kwa kuuawa, njaa, maradhi na kazi za kulazimishwa. Gray aliigiza ofisa wa ubalozi wa Marekani. Ukipepesa macho mara chache unaweza kumkosa.

Kutokana na nafasi hiyo ndogo alitengeneza *Swimming to Cambodia*, kazi yake kubwa kuliko zote. Mwanzoni ilikuwa na sehemu mbili zilizochezwa kwa jioni mbili. Mwaka 1987 Jonathan Demme aliigeuza filamu, iliyopigwa ndani ya Performing Garage, kwa muziki wa Laurie Anderson. Kwa karibu saa moja na nusu mtazamaji anamwona mtu mmoja kwenye meza, na hachoki.

Ndani yake kuna mambo ya aibu ndogondogo: mwigizaji anayehangaika kukariri maneno ya kiufundi kuhusu ndege ya B-52 iliyokosea shabaha, anarudia na kurudia mbele ya kamera wakati wenzake wanangoja juani. Maneno hayo yalihusu tukio halisi. Agosti 1973 ndege ya Marekani iliangusha mabomu kwa makosa kwenye mji wa Neak Luong, na zaidi ya watu 100 wakafa. Gray anaeleza kijasho chake cha mwigizaji, kisha anageukia ramani na kueleza jinsi mabomu ya nchi yake yalivyomiminwa juu ya nchi ya watu maskini. Mtu aliyekuja kucheka anajikuta anasikiliza historia ambayo asingeifungua kitabuni.

Anaeleza pia alivyokataa kurudi nyumbani kabla ya kupata kile alichokiita dakika kamilifu, ile nukta ambapo mtu hana deni na jana wala kesho. Aliitafuta kwa kuogelea kwenye fukwe za Phuket, kusini magharibi mwa Thailand, katika maji ya upande wa pili wa bahari hii yetu ya Hindi. Hapo ndipo wengine walipomshutumu: watu karibu milioni mbili wamekufa, na wewe unatafuta raha yako baharini?

Mimi naiona hapo nguvu ya kazi yenyewe. Gray hakudai kuijua Kambodia kwa ndani. Alisema: mimi ni mtu wa nchi iliyotupa mabomu, nimekuja kuigiza msiba wa wengine, nimelala hoteli nzuri, na hivi ndivyo akili yangu ilivyofanya kazi. Aliyepaswa kuisemea Kambodia alikuwepo katika filamu ileile: Haing S. Ngor, daktari aliyenusurika mikononi mwa Khmer Rouge, aliyeshinda Oscar ya mwigizaji msaidizi ingawa hakuwahi kuigiza kabla. Gray alibaki upande wake wa meza, na upande huo aliusema bila kujipamba.

Alipogeuza kiti

Kuna onyesho lake moja ambalo halina kitabu maarufu wala filamu, nami nalithamini karibu sawa na *Swimming to Cambodia*. Liliitwa *Interviewing the Audience*. Kabla ya kuanza, Gray alizunguka kati ya watu waliokuja ukumbini, akazungumza nao, akachagua wachache. Kisha aliwakaribisha jukwaani mmoja mmoja na kuwauliza maswali mepesi: umefikaje hapa leo? Kutoka swali la njia na usafiri, mtu alianza kueleza kazi yake, ndoa yake, mtoto aliyempoteza.

Wengi hudhani msimulizi wa maisha yake ni mtu anayejipenda mno. Wengine ndivyo walivyo. Lakini asiyejua kusikiliza hawezi kusimulia kwa muda mrefu, maana ataishiwa. Na katika onyesho hili ruhusa ilikuwa dhahiri: mtu aliombwa, akakubali, akapanda mwenyewe, akaamua asimame wapi katika kueleza.

Jicho, maombi na hospitali

Umaarufu ulimfikisha Broadway, mtaa wa majumba makubwa ya tamthilia New York, ambako mwaka 1988 alicheza msimulizi katika *Our Town* ya Thornton Wilder. Televisheni na filamu zilimwita kwa nafasi ndogondogo. Riwaya yake, *Impossible Vacation*, ilimtesa miaka kadhaa, na mateso hayo yakazaa monolojia *Monster in a Box*.

*Gray's Anatomy*, ya mwaka 1993, itawagusa wasomaji wengi wa kwetu. Jicho lake la kushoto liliharibika kwenye retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, na daktari akashauri upasuaji. Mtoto aliyelelewa na mama anayeamini maombi akaogopa kisu. Akaenda kwa waganga wa kila namna, mpaka Ufilipino kwa mtu aliyedai kupasua kwa mikono mitupu. Mwishowe alirudi kwa daktari na kupasuliwa. Hakuwadhihaki wanaotafuta tiba nje ya hospitali, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa amepanga foleni pamoja nao, akiwa na hofu ileile.

Onyesho lililowaudhi waliompenda

Kwa miaka mingi mwenzi wake katika maisha na kazi alikuwa Renée Shafransky. Alikuwa mtayarishaji wa filamu ya *Swimming to Cambodia*, na wasikilizaji wa Gray walimjua kama mtu wa nyumbani, kwa kuwa alitajwa mara kwa mara katika hadithi. Walioana mwaka 1991. Kisha ikaja *It's a Slippery Slope*, mwaka 1996. Humo Gray alieleza jinsi alivyojifunza kuteleza kwenye theluji, na katika hadithi hiyohiyo akaeleza kwamba alikuwa na mwanamke mwingine, Kathleen Russo, kwamba walipata mtoto wa kiume, na kwamba ndoa ilivunjika. Alisema pia juu ya kufikia miaka 52, umri aliofia mama yake, na hofu iliyomshika.

Baadhi ya mashabiki walihisi wao ndio waliosalitiwa. Nawaelewa. Humo Gray hakujitetea, na picha aliyojichora haikuwa nzuri. Lakini kujilaumu hadharani hakumpi mwingine nafasi ya kujibu. Katika *Rumstick Road* ilisikika sauti ya baba. Katika *It's a Slippery Slope* mke aliyeachwa alisikika kupitia kinywa cha aliyemwacha tu. Watu walilipa tiketi, walicheka, walisamehe au walikataa kusamehe, na mwenye kidonda hakuwa na meza yake wala kipaza sauti. Ni ushuhuda ule wa kanisani, na mke wa benchi la tatu.

*Kwa ufupi:* kabla hujamsimulia mtu, jiulize kama ana mahali pa kukujibu. Kama hana, mpunguzie uzito. Beba sehemu yako yote, yake mwachie.

Monolojia iliyofuata, *Morning, Noon and Night* ya mwaka 1999, ilikuwa ya siku moja nyumbani Sag Harbor, katika jimbo la New York, pamoja na Kathleen na watoto: binti wa Kathleen, Marissa, na wavulana wao wawili, Forrest na Theo. Ni kazi tulivu kuliko zote. Watoto wanauliza maswali, baba anajaribu kujibu.

Baada ya Ireland

Juni 2001 Gray alikwenda Ireland na familia kusherehekea kutimiza miaka 60. Gari walilokuwamo liligongwa. Nyonga yake ilivunjika, mguu wa kulia ukabaki na ulemavu, fuvu la kichwa lilipasuka. Operesheni zilifuatana, na pamoja nazo sonona, yaani huzuni ya ugonjwa isiyoondoka kwa kufarijiwa. Oliver Sacks, daktari wa neva na mwandishi, alimwona mwaka 2003 na baadaye akaeleza alivyoumia sehemu ya mbele ya ubongo. Mawazo ya Gray yalizunguka palepale, hasa juu ya majuto ya kuuza nyumba yao ya zamani. Mtu aliyeishi kwa kuigeuza kila dhiki kuwa hadithi alikuwa na dhiki isiyogeuka. Alijaribu hata hivyo: mwishoni mwa 2003 alikuwa akisimulia ajali ile jukwaani, katika kazi ambayo hakuimaliza.

Januari 2004 alitoweka. Mwili wake ulipatikana mwezi Machi katika mto East River, New York, na inaaminika alijiua. Alikuwa na miaka 62.

Wapo walioandika kana kwamba kifo hicho kilikuwa tukio la mwisho la mchezo aliouanza tangu mama yake alipokufa. Nalikataa wazo hilo kwa nguvu zangu zote. Gray alikuwa mgonjwa, ameumia ubongo, na familia yake na madaktari walipigana kumwokoa kwa zaidi ya miaka miwili. Kuugeuza ugonjwa kuwa kisa kizuri ni kuwadhulumu watoto waliokuwa wakimsubiri nyumbani. Na mtu wa karibu yako akizungumza juu ya kutaka kufa, hata akisema kwa mzaha, hata akiwa amesema mara kumi, msikilize kama mara ya kwanza na mpeleke hospitali.

Waliosimuliwa wanashika kipaza sauti

Mwaka 2007 Kathleen Russo na Lucy Sexton walipeleka jukwaani New York onyesho liitwalo *Spalding Gray: Stories Left to Tell*. Maneno yalikuwa ya Gray, kutoka katika monolojia, barua na shajara zake, lakini kiti hakikuwa kimoja. Wasomaji watano waligawana maisha yake, mmoja mapenzi, mwingine safari, mwingine familia, mwingine kazi, mwingine shajara. Mwanamke ambaye miaka kumi na moja nyuma alikuwa jina katika hadithi ya mtu mwingine sasa ndiye aliyeamua kipi kisomwe na kipi kibaki kabatini. Mwaka 2011 shajara zilitoka kama kitabu.

Kabla ya hapo, mwaka 2010, Steven Soderbergh, aliyekuwa ameipiga filamu *Gray's Anatomy*, alitoa filamu ya maisha ya Gray iitwayo *And Everything Is Going Fine*. Haina msimulizi wa pembeni. Vipande vya Gray mwenyewe akizungumza, vya miaka mbalimbali, vimeunganishwa mpaka vinaeleza maisha yote. Muziki wa filamu hiyo umetungwa na Forrest Gray, yule mtoto wa *It's a Slippery Slope*.